Samaki Huyu Msimkunje

Maneno niliyowaambia wazazi na walezi wa watoto wa chekechea, Tanga mjini

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa jumla yetu, hamjambo? Mwalimu mkuu, walimu wetu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba watatu mliokaa pale karibu na mlango. Nimewahesabu. Wenzenu wako kijiweni wanangoja kuletewa habari nyumbani, basi mtawapelekea.

Mwalimu aliponiita alisema nije nizungumze juu ya "wale watoto wanaoingiza miguu". Nikamwelewa mara moja. Ni wale ambao wakitembea, vidole vya miguu vinatazamana badala ya kutazama mbele. Jina moja la kukubaliana hatuna. Utasikia "anaingiza miguu", utasikia "miguu imepinda", utasikia "ana matege", ingawa matege ni jambo jingine na nitalifikia. Watoto wenzake hawahangaiki na majina. Humwita Bata, yamekwisha. Nayajua hayo kwa sababu Bata wa barabara ya 12 pale Ngamiani nilikuwa mimi.

Nikitembea, vidole gumba vyangu vya miguu vilikuwa kama watu wawili wanaotaka kupeana mikono. Nikikimbia, mguu huu unaukwaa ule, naanguka. Magoti yangu hayakuwahi kukosa kidonda, kimoja kikipona kingine kinaanza. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na tiba tatu. Ya kwanza mafuta ya nazi. Kila baada ya magharibi ananilaza mkekani, anayapasha mafuta moto, ananikanda kutoka nyonga mpaka unyayoni huku akiusokota mguu kuelekea nje, kama mtu anayekamua kanga kabla ya kuianika. Ya pili ilikuwa kandambili: ya kulia mguu wa kushoto, ya kushoto mguu wa kulia. Nikitoka hivyo barabarani, jina la Bata linapata nguvu mpya. Ya tatu ilikuwa ya usiku. Magoti yanafungwa pamoja kwa kipande cha kanga kuukuu, na mto unachomekwa katikati ya nyayo. Nikilia anasema, "Nyamaza mjukuu wangu. Samaki mkunje angali mbichi."

Nilipofika darasa la tatu nikawa natembea kama watu. Habari ikaenea mtaani kwamba Bibi ana mkono. Watoto wakaletwa kutoka Makorora, wakaletwa kutoka Chumbageni, na kila aliyeletwa akanyooka. Bibi hakushindwa hata mara moja.

Nilikuja kusoma fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nikafanya kazi hiyo miaka mingi, na ndipo jambo hilo la mwisho lilipoanza kunikosesha raha. Tiba isiyoshindwa hata mara moja? Hakuna tiba ya namna hiyo duniani. Hata dawa za hospitali zina siku zake za kushindwa. Nikaanza kumkumbuka mtoto mmoja wa ng'ambo ya barabara, mama yake alikuwa akikaanga samaki na kuuza jioni. Yule kijana alikuwa Bata kuliko mimi. Mama yake hakuwa na nafasi ya kumkanda mtu, alikuwa na makarai mawili ya mafuta ya moto na watoto sita. Hakufungwa kanga, hakubadilishiwa viatu. Na alinyooka mwaka ule ule nilionyooka mimi. Hakuna aliyemtangaza kwa sababu hakuna aliyefanya kitu.

Wazee wa pwani walishalisema hili kwa habari ya jogoo: likiwika lisiwike, kutakucha. Jogoo wetu Bibi aliwika kila jioni kwa mafuta ya nazi, na asubuhi ikafika. Tukampa jogoo shukrani.

Sasa nieleze kunakucha vipi, maana hapa ndipo penye utamu.

Mtoto anapozaliwa, mfupa wa paja lake umejisokota. Sehemu ya juu, pale unapoingia nyongani, imeelekea upande mmoja, na sehemu ya chini penye goti imeelekea kwingine. Tofauti baina yake ni kama nyuzi 40. Naona mwalimu wa hesabu anatabasamu, wengine mnanikodolea macho. Chukueni saa ya ukutani. Mshale wa dakika ukitoka juu kabisa ukakaribia dakika ya 7, hapo umetembea nyuzi 40. Mtu mzima hubaki na nyuzi kama 15, yaani dakika mbili na nusu. Kwa hiyo baina ya kuzaliwa na kubalehe mfupa wa paja umejisokotoa, umerudi dakika nne na ushee. Sisi ni watu wa mkonge, tunaijua kamba iliyosokotwa ikilegezwa inavyojirudi yenyewe taratibu. Tofauti ni kwamba huu ni mfupa, ni kitu kigumu, na unajirudi kwa kukua. Unakua huku ukigeuka, nywele kwa nywele, mwaka baada ya mwaka. Mfupa wa ugoko nao una safari yake: kwa mtoto mchanga unaweza kuwa umeelekea ndani, na kadiri akuavyo unageuka kwenda nje.

Ndiyo maana kumkanda hakuugeuzi. Ukiushika wayo ukausokota nje, kinachosikia ni kifundo cha mguu na goti, zile kano zinazoshikilia viungo. Mfupa wa paja hauna habari. Ni kama kugeuza kasia ukitarajia mlingoti ugeuke. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi, na mtoto akikandwa na bibi yake analala vizuri. Hilo silikatazi na sitalikataza. Mkande. Ila mkono uwe wa mapenzi, usiwe wa fundi bomba.

Kuingiza miguu kunatoka sehemu tatu, na kila sehemu ina umri wake. Ukijua umri wa mtoto umeshajua nusu ya jibu.

Ya chini kabisa ni wayo wenyewe, na huonekana toka uchanga. Mbele ya wayo imejipinda kuelekea ndani, ukiutazama kwa chini una umbo la punje ya haragwe. Tumboni nafasi ilikuwa finyu, mtoto alijikunja alivyoweza. Uutekenye kwa kidole upande wa nje, upande wa kidole kidogo, utaona mtoto anaunyoosha mwenyewe. Ukinyooka hivyo, usihangaike. Kama 9 kati ya 10 hunyooka bila kuguswa, wengi wao katika mwaka wa kwanza. Ukiwa mkavu, haunyooki hata ukiusukuma polepole kwa kidole, hapo nenda kliniki mapema, maana wayo mkavu unaweza kufungwa P.O.P., ile plasta ngumu mnayoiita hogo, na ukarekebishika vizuri angali mdogo. Na mwambie muuguzi amwangalie mtoto nyonga pia. Ni jambo la dakika moja, anayapanua mapaja tu.

Ya pili ni ugoko. Hii huonekana mtoto anapoanza kusimama na kutembea, baina ya mwaka 1 na miaka 3. Mama anakuja analia: "Alikuwa mzima, ameanza kutembea tu ndiyo miguu imepinda!" Haikupinda jana, mama. Ilikuwa hivyo hivyo alipokuwa mgongoni kwako. Sasa ameshuka chini ndiyo umeiona. Wengi hunyooka wakifika miaka 4 au 5, wachache husogea mpaka 8.

Ya tatu ni paja, na hii ndiyo inayojaza benchi langu. Huonekana zaidi kuanzia miaka 3 au 4, hukolea kwenye 5 na 6, halafu hupungua mpaka 8, 9, 10. Wasichana ndio wengi. Mara nyingi mama mtu alikuwa hivyo, ila amesahau. Mwulizeni bibi, bibi hasahau. Mtoto huyu akisimama, hata magoti yanatazamana. Zile pia za magoti, vile vifupa vya mbele ya goti, badala ya kuangalia mbele, zinachunguliana kama majirani kwenye uzio. Akikimbia, miguu kuanzia gotini inarushwa nje kama mapanga boi.

Na mtoto huyu ndiye mnayegombana naye kila siku kuhusu kukaa. Mnaujua mkao wake. Fikiria mtu aliye kwenye tahiyatu, ule mkao wa magoti katika swala, lakini makalio yameshuka mpaka chini sakafuni, katikati ya visigino, na nyayo zimetoka huku na huku. Sisi tukijaribu tunaitisha gari la wagonjwa. Yeye anakaa hivyo nusu saa anachezea vizibo vya soda. Mwalimu wa madrasa anampiga kijiti cha miguu, mama anafoka, "Kaa vizuri!" Mmeambiwa kwamba mkao huo ndio unaopindisha miguu. Ni kinyume. Mfupa wake umegeukia ndani, kwa hiyo mkao huo kwake ndio starehe, na kukunja miguu mbele kama nyinyi ndiko kunakombana. Mwambieni abadilishe akitaka, awe anakaa na kiti au kigoda, hakuna ubaya. Lakini kumchapa kwa ajili ya mfupa wake wa paja ni kumchapa kwa kuwa na masikio makubwa.

Mnaweza kuangalia wenyewe. Mpelekeni Raskazone asubuhi maji yakiwa yamekupwa, pale mchanga ulipo mgumu na mbichi. Mwacheni atembee mbele yenu bila kumwambia kitu, maana ukimwambia "tembea vizuri" atakutengenezea mwendo wa gwaride. Kisha angalieni nyayo alizoacha. Wayo wenye umbo la haragwe utauona hapo hapo: chora mstari kutoka katikati ya kisigino kwenda mbele, kwa kawaida utatokea kwenye kidole cha pili au baina ya cha pili na cha tatu, ukitokea kwenye cha nne, mbele ya wayo imepinda. Ikiwa nyayo zenyewe zimenyooka lakini zimeelekea ndani, tatizo liko juu zaidi. Mwambie asimame akutazame. Pia za magoti zinakuangalia wewe na vidole vinaangaliana: ni ugoko. Pia za magoti nazo zinaangaliana: ni paja. Asiyekuwa na nauli ya Raskazone, sakafu ya saruji na ndoo ya maji vinatosha.

Mwaka 1985 daktari mmoja wa mifupa wa Marekani, Lynn Staheli, na wenzake walichapisha vipimo vya miguu 1,000 ya watu wasio na ugonjwa wowote, wakubwa kwa wadogo. Kilichoonekana ni kwamba uzima ni mpana sana. Kuna watu wazima salama kabisa ambao vidole vyao vinaangalia ndani kidogo, na wengine nje sana, na vipimo vinabadilika kwa umri. Tangu hapo madaktari wengi wa watoto wakapunguza mikono yao. Kabla ya hapo, Ulaya na Marekani, watoto walivalishwa mabuti mazito yenye kabari upande mmoja, wakafungwa vyuma kiunoni vyenye nyaya za kuzungusha miguu, wakalazwa na viatu vilivyounganishwa kwa chuma katikati. Walipowalinganisha na watoto ambao hawakufanyiwa chochote, wakakuta wote wamenyooka sawasawa. Kwa hiyo msifikiri jogoo alikuwa wa Ngamiani peke yake. Wazungu walikuwa na wao, tena wa bei mbaya.

Nami niliwahi kuwika. Nisiwafiche. Nilikuwa na miaka michache kazini, hospitali sitaitaja, akaletwa mbele yangu msichana wa miaka 4 kutoka upande wa Muheza. Paja, tena la wazi, hata leo ningelitambua toka mlangoni. Mama yake alikuwa na hofu, na mimi nilikuwa na aibu ya kumwambia "nenda nyumbani, hana kitu". Mtu amepanda basi toka alfajiri, unamrudishaje mikono mitupu? Nikamwandikia viatu vya chuma. Fundi akavitengeneza. Nilikuja kusikia baadaye kwamba baba yake aliuza mbuzi wawili. Mtoto alivivaa miezi kadhaa. Alikuwa mtoto wa kuruka kamba. Akaacha kuruka kamba, akawa anakaa kibarazani anawatazama wenzake. Aliponyooka, miaka ilipopita, mama yake alinitumia gunia la machungwa kwa shukrani. Machungwa yale nilikula, lakini yalikuwa na uchungu ambao haukuwa wa machungwa.

Siku hizi nikimwambia mzazi "hana kitu" namweka chini, namshika mtoto, namwonyesha mfupa ulipogeukia, namwambia arudi baada ya mwaka. Mtu hataki kuambiwa hana kitu. Anataka uone alichokiona, kisha umwambie unachokijua.

Viatu, basi, ni viatu. Viwe vinamtosha, soli inakunjika, havimpigi. Na akiwa nyumbani acheze pekupeku, ikiwa uani hapana misumari. Kubadilisha cha kulia kushoto kunaleta malengelenge na matusi ya wenzake, na si zaidi ya hapo. Kuanguka kutakuwapo. Utaona anaanguka zaidi jioni, akiwa amechoka, au akiwa na haraka ya kwenda kuangalia katuni. Hilo ni la kawaida. Michezo asikatazwe. Aendeshe baiskeli, na mji huu baiskeli si shida. Apige mpira. Waliowahi kuwapima wakimbiaji wa mbio fupi wa sekondari huko Marekani waliwakuta wanaelekeza vidole ndani kuliko wenzao wasiokimbia. Sisemi kwamba Bata wako atakwenda Olimpiki. Nasema msimwondoe kwenye mstari. Na yule daktari wa barabarani aliyewaambia kwamba akiwa mkubwa atapata ugonjwa wa viungo vya nyonga kwa ajili ya hili, hana uthibitisho.

Upasuaji upo. Mfupa unakatwa, unageuzwa, unafungwa kwa vyuma. Ni kazi kubwa, yenye hatari zake, na hufanyiwa watoto wachache mno, waliokwisha kupita miaka 8 au 10, ambao miguu imebaki imegeuka sana na inawazuia kufanya shughuli zao. Akija mtu akakuambia umfanyie mtoto wa miaka 4, mshukuru kwa adabu, kisha nenda kaulize kwingine.

Sasa nikunje uso kidogo. Nimesema sana "subirini", na ninaogopa mtatoka hapa na neno hilo peke yake. Wako watoto ambao kusubiri ni kuwadhulumu.

Mguu mmoja ukiwa umeingia sana kuliko mwenzake, usisubiri. Akiwa anachechemea, au analia maumivu, au usiku mguu unamwamsha, usisubiri. Miguu iliyokuwa afadhali mwaka jana na mwaka huu imezidi, usisubiri. Amefika mwaka na nusu hajaanza kutembea, usisubiri. Anatembea kwa ncha za vidole, miguu imekakamaa inapishana kama mkasi, au kabla ya mwaka mmoja alikuwa anatumia mkono mmoja tu na mwingine amekunja ngumi, huyo huenda shida yake si ya mguu. Inaweza kuwa mtindio wa ubongo, hasa ikiwa siku aliyozaliwa alichelewa kulia au alipata manjano kali. Hapo mazoezi ya mapema yana kazi kubwa, na kila mwezi unaopita una thamani.

Matege, niliahidi. Matege ni magoti kuachana, miguu imejenga upinde, mpira unapita katikati. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu karibu wote wana matege, mpaka kama miaka 2. Halafu wanageuka upande wa pili, magoti yanagusana, miaka 3 na 4, halafu wananyooka kufika 7. Ni mwili unatafuta mizani. Yanayotisha ni matege ya mtoto aliyepita miaka 2 na yanazidi, vifundo vya mikono karibu na viganja vimevimba, mbavu zina vinundu, hakui. Huyo huenda amekosa vitamini D au madini ya kalsiamu. Mtasema, Tanga hii ya jua lote hili? Ndiyo. Jua liko nje, mtoto yuko ndani ya chumba amefungwa nguo tatu kwa kuogopa jicho la watu. Mtoeni.

Na wa mwisho ndiye ninayemwogopea zaidi, mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo. Mguu kifundo haufanani na haragwe. Kisigino kimevutwa juu, wayo mzima umegeuzwa, unyayo unatazama ndani au hata juu, na ni mkavu, ukiutekenya haunyooki. Huzaliwa mtoto 1 au zaidi kidogo katika kila 1,000. Wapo waliofichwa ndani, wakakua wakikanyagia mgongo wa mguu. Na mtoto huyu anatibika! Daktari Ignacio Ponseti, mtu wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, aliacha njia rahisi ambayo leo inatumika dunia nzima, na hapa Tanzania ipo. Katika wiki za kwanza za maisha, mguu unageuzwa polepole kwa mkono, unafungwa hogo, wiki ijayo linafunguliwa, unageuzwa tena kidogo, linafungwa jipya. Mara tano, sita, au zaidi kidogo. Wengi hukatwa kidogo kano ya nyuma ya kisigino, halafu wanavishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na akilala mchana mpaka miaka 4.

Mmesikia? Chuma kile kile nilichokitukana dakika kumi zilizopita. Kwa mtoto wa mguu kifundo, chuma hicho ndicho kinachouzuia mguu usirudi ulikotoka, na wazazi wanaokiacha kwa sababu "mguu umeshanyooka" ndio tunaowaona tena wakianza upya. Bibi yangu na methali yake hakukosea. Samaki anayekunjwa angali mbichi yupo, ni huyu, na anakunjwa na aliyefundishwa. Wale wengine wote si wa kukunja. Mwenye mtoto wa namna hii, au mwenye jirani anayemficha, aanzie kliniki yoyote ya mama na mtoto, au aende hospitali ya Bombo, aelekezwe. Msingoje arobaini ipite.

Nilipofika hapo bibi mmoja wa nyuma, amejitanda kanga, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwanangu, umetuambia tusifanye, tusifanye, tusifanye. Sasa mimi nitamwambia nini mkwe wangu? Kila akija ananiuliza nimefanya nini kuhusu miguu ya mtoto."

Watu wakacheka, mimi nikashindwa kujibu kwa muda. Ni swali la kweli. Nikamwambia hivi: Shangazi, mtoto wako ana miaka mingapi? Akasema mitano. Mwambie mkwe wako mmeshampima. Mchoree nyayo zake kwa mkaa kwenye karatasi au kwenye ukuta wa uani, andika tarehe. Mwakani siku kama hiyo mchoree tena. Mwaka wa tatu tena. Akija akiuliza mmefanya nini, mpeleke uani umwonyeshe. Na ukiona michoro inazidi kuingia ndani badala ya kufunguka, au mguu mmoja unakwenda na mwingine hauendi, mbebe huyo mtoto uniletee, mkwe atangulie kulipa nauli.

Akasema, "Na mafuta ya nazi?"

Nikamwambia, endelea, Shangazi. Ila usisokote.

Haya. Waliokuja na watoto, wavueni viatu. Ndoo ya maji iko hapo mlangoni, akina baba watatu mtasaidia kuimwaga. Tuanze na yule aliyekaa tahiyatu pale mbele tangu nianze kusema, ambaye mama yake amemfinya mara nne akidhani sikuona.